Kaunta ya Maswali na Ukuta wa Bi Mwanakombo

Msumari ukishapigwa ukaingia mtini, ni nini kinachoushika usitoke?

Hilo ndilo swali nililoulizwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, kabla sijapata hata pa kuweka mkoba. Aliyeniuliza ni Mutua, mtu wa mbao wa duka letu, Mkamba aliyekuja Likoni zamani kwa kazi ya mwezi mmoja na ambaye tangu hapo hurudi kwao kwa harusi na mazishi tu. Mimi nilikuwa na shahada ya uhandisi wa ujenzi, nimeitia kwenye bahasha ya plastiki isishike unyevu. Nilimjibu kwamba ni nguvu. Akaniuliza nguvu ya nini. Nikasema ya nyundo.

Alirudi kwenye msumeno wake, anacheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

"Nyundo nimeshaiweka chini," alisema akiwa amenipa mgongo. "Na msumari bado umekaa. Fikiria, Injinia."

Jina hilo la Injinia nilikaa nalo miaka minane. Mara nyingi lilikuwa la kejeli.

Nyinyi wawili mnaoshika kaunta baada yangu mmeniomba niandike niliyojifunza hapo. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba myatilie shaka. Najua mnacheka nikisema nimestaafu, maana nina miaka thelathini na mmoja. Lakini Bwana Swaleh, mwenye duka, anashikilia kwamba mtu anayeiaga kaunta ile baada ya miaka minane amestaafu, umri si hoja. Mlikuwepo aliponiandalia sambusa na sharubati, akanizawadia saa ya ukutani. Jambo ambalo hamkuliona ni kwamba saa yenyewe haikuja na skrubu. Skrubu nilikwenda kuinunua rafu ya tatu, kama mteja.

Nianze na kaunta, maana mmeikuta tayari na huenda mkadhani kila hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, inayo. Haina. Bwana Swaleh ni wa ukoo wa wafanyabiashara, babu yake alikuwa akiuza misumari kwa kupima kwenye kopo. Aliona kwamba wanaoingia kuuliza ni wengi kuliko wanaoingia kununua. Mwenye duka mwingine angeweka kibao cha kuwazuia. Yeye alitoa rafu mbili za rangi, akaweka meza, stuli mbili na feni, akatangaza kwamba yeyote anayetaka kutengeneza kitu nyumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe na aje aulize. Anayetaka fundi atafute fundi. Kaunta ilikuwa ya wale wasiotaka fundi, na ndipo alipogundua kwamba hajui nani atakayewajibu. Mimi nilikuwa nimekuja kuomba kazi ya karani.

Wiki za kwanza nilikuwa hodari sana, yaani nilikuwa mbaya. Mtu akitaja mfereji wa maji mimi nilishamwambia abadilishe washa, kile kimpira cha ndani. Akitaja mlango nilishamtolea bawaba. Bwana Swaleh alinivumilia wiki mbili, kisha akaniita ofisini.

"Saumu."

"Abee."

"Mwanangu, mtu akikwambia salaam aleikum hajakuuliza bawaba. Mwitikie. Muulize wa kwao. Muulize joto la leo analionaje. Bawaba haziendi mahali, zina kutu tayari."

Nilidhani ni mambo ya adabu tu, nikayatii kama mtu anavyotii kanuni ya mavazi. Ilinichukua muda kuona kwamba zile dakika za salamu ndizo mtu anazozitumia kukuangalia usoni aamue akuambie ukweli au akuambie nusu.

Wengi hukuambia nusu. Hapa kwetu ni nadra mtu mzima kuja akasema, mfereji wangu unavuja na nimeushindwa. Husema, kuna mtu mmoja mfereji wake unavuja. Mwaka wangu wa kwanza "mtu mmoja" huyo alikuwa na mifereji, milango, vitanda vinavyolia na masufuria yaliyovunjika mikono kumzidi mtu yeyote wa pwani hii. Nilikuwa na tabia ya kuwasahihisha. Alikuja mwalimu mkuu mmoja akasema kuna mtu ametoboa ukuta ili atundike rafu akakuta waya wa umeme. Nikamuuliza, "Mtu huyo ndiye wewe?" Akanunua taa asiyoihitaji, akaondoka. Sijamwona tena dukani. Msifanye hivyo. Mjibuni "mtu mmoja" kwa heshima zote. Mkiona kidole cha mwulizaji kimefungwa bendeji, mwambieni huyo mtu mmoja apake dawa.

Vifaa vyangu vya kufundishia vilikuwa vichache na nimewaachia. Ule mfereji uliokatwa katikati ni kazi ya Mutua, na ndio mwalimu bora kuliko mimi: mwacheni mtu auzungushe aone mpira unavyoziba tundu, naye atajieleza mwenyewe kosa lake. Timazi ya kupimia kama ukuta umesimama wima ni uzi na nati kubwa, haina haja ya kuwa zaidi ya hapo. Kile kisanduku cha washa zilizokatwa kutoka kandambili msikitupe. Nilikidharau hadi nilipoona washa ya kandambili ikitumika mwaka mzima kwa mama mmoja wa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, wakati ile ya dukani niliyompa mimi ilikaa miezi minne. Namba ya simu ya kaunta mnayo. Picha zitakuja zimepigwa gizani, na sauti zitakuja na jogoo nyuma yake. Ombeni picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Nilipewa picha moja ya karibu ya ufa, nikaeleza kwa kirefu jinsi ya kuziba ufa wa ukuta, kumbe ni ufa wa chungu.

Si matengenezo tu. Watu huja na kazi za mikono za kila namna, na hizo ndizo zilizonifanya nipende kuamka. Kijana wa Kisauni alitaka kumtengenezea mkewe susu la kulaza mtoto kwa mbao za kreti, na kila wiki alileta kipande kimoja kifuani kama anayebeba mtoto mwenyewe. Shemasi mmoja kutoka Changamwe alikuwa akifanya vivuli vya taa kwa vifuu vya nazi, na tatizo lake lilikuwa kwamba kila kifuu kilipasuka akikitoboa. Mutua alimwambia akiloweke kwanza. Nilimuuliza Mutua amejuaje. Akasema hajui, lakini akiwa mkavu yeye mwenyewe hupasuka.

Ni Mutua pia aliyenijibia lile swali la msumari, na alichukua miezi mitatu. Siku moja alipasua ubao uliokuwa na msumari ndani yake, sawasawa katikati, akaniwekea vipande viwili mezani. Nyuzi za mti pembeni mwa tundu zilikuwa zimelala, zimesukumwa zikainama.

"Unaona? Huu mti umesukumwa kando," alisema. "Haujapenda. Unataka kurudi mahali pake, na msumari uko njiani. Basi unaukaba. Mti ndio unashika, si msumari."

Nilimwambia kitaalamu hilo linaitwa msuguano. Akasema ni sawa, mti hautajali.

Nawaeleza haya ili mjue nilikuwa mtu wa aina gani Bi Mwanakombo alipoanza kuja. Nilikuwa nimeanza kujiamini. Nilikuwa nimesahau kwamba nilijibiwa swali la msumari, sikulijibu.

Bi Mwanakombo alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alikaa Timbwani katika nyumba ya mawe aliyoijenga babake. Alikuja kila Jumanne baada ya adhuhuri. Alisalimia duka zima, Mutua akiwamo juu ya ngazi, akaketi stuli ya karibu na feni, akazungumza habari za watu, na alipoinuka kuondoka ndipo aliposema, "Ala, kuna jirani yangu mlango wake wa uani wakwaruza chini."

Kwanza ulikuwa mlango wa jirani. Kisha mfereji wa jirani. Kisha dirisha la jirani ambalo bawaba yake imeliwa na kutu. Nilimpa maelezo, nikamchorea, akakunja karatasi akaitia kwenye mkoba. Siku moja nilimwambia kwa nia njema kwamba jirani huyo angeita fundi mara moja yakaisha yote.

Alirudi kwenye stuli. Akatazama kama kuna mtu karibu.

"Mwanangu, fundi ana mdomo," alisema. "Akija leo kwangu, kesho shemeji yangu ajua, na shemeji akijua Feisal ajua, aseme nyumba imenishinda."

Ndipo alipolieleza jambo lenyewe, mara ya kwanza bila jirani. Feisal ni mwanawe wa pekee, anafanya kazi Doha, huja mara moja kwa mwaka. Safari yake iliyopita aliizunguka nyumba ya mamake akaandika kwenye simu kila kilichoharibika: mlango wa uani, mfereji, dirisha, na ukuta wa sebule uliokuwa ukimwaga rangi na kutoa unga mweupe. Alikuwa amekodi nyumba Kisauni, ghorofa ya nne, na alitaka mamake ahamie huko. Walibishana hadi wakaafikiana. Akija Shaabani hii, akikuta hata kimoja cha vile vinne bado kibovu, Bi Mwanakombo angehama bila neno. Akikuta vyote vizima, hatataja tena Kisauni.

"Si mtoto mbaya," alisema. "Aniogopea. Lakini ghorofa ya nne mimi nitakaa namwangalia nani? Ndege?"

Vitatu alikuwa ameshavimaliza kwa mikono yake. Kilichobaki kilikuwa ukuta.

Sasa hapa nisomeni polepole. Niliuliza maswali yote ya kitaalamu. Ukuta una urefu gani, unyevu umepanda hadi wapi, mvua inapiga upande gani. Nikafanya hesabu. Nikamwambia abandue plasta yote ya zamani mpaka kwenye jiwe, apige plasta mpya ya simiti na mchanga, atie na dawa ya kuzuia maji. Nilimfundisha kushika mwiko kwenye kipande cha ukuta nyuma ya ghala letu, na alikuwa na mkono mzuri ajabu. Nilimsifu. Akatabasamu.

Alipiga ukuta ule wiki mbili, kidogo kidogo, asubuhi kabla ya joto. Nilikwenda kuuona. Ulikuwa umenyooka kama meza. Nilipiga picha nikamwonyesha Mutua, naye akasema yeye ni mtu wa mbao, ukuta hauna nyuzi.

Mwanzoni mwa Rajabu simu ya kaunta ikapokea picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali, kama nilivyomfundisha. Plasta ilikuwa imebanduka kwa kipande kimoja, ukubwa wa mlango, ikaanguka sakafuni. Nyuma yake ilikuwa imeng'oa na uso wa ukuta wenyewe. Palikuwa na shimo la kuweza kulaza paka. Chini ya picha aliandika: Alhamdulillahi sikuwa nimeketi hapo.

Nilifunga kaunta, jambo ambalo Bwana Swaleh ananikumbusha hadi leo, nikaenda Timbwani kwa miguu. Nilikuta kipande kimelala, nikakigeuza. Upande wa ndani ulikuwa umelowa, una chumvi, na yamegandamana nao mawe mepesi yenye vitundu na udongo mwekundu. Si mawe ya kuchonga niliyoyadhania. Ni mawe ya matumbawe, yamepangwa kwa udongo na chokaa, ukuta unaovuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani kila siku ya maisha yake. Mimi niliuziba kwa simiti. Unyevu ukakosa pa kutokea, chumvi ikakusanyika nyuma, ikausukuma mzigo wote nje. Nilikuwa nimeuliza kila kitu kuhusu ukuta ule isipokuwa umejengwa kwa kitu gani.

Bi Mwanakombo aliniletea maji ya kunywa. Nilimwambia kosa ni langu. Akasema, "Hamna neno." Kisha akakaa kwenye kiti akiutazama ukuta, akasema kama anayejisemea:

"Babangu alikuwa akiupiga kwa chokaa tupu na mchanga wa mto. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkorogea."

Niliweka gilasi chini.

"Bi Mwanakombo, ulijua?"

"Nalijua chokaa. Simiti sikuijua."

"Mbona hukuniambia?"

Alinishangaa kweli, si kwa kujifanya. "Mwanangu, mimi ndiye nilokuja kukuomba msaada. Mtu akija kuomba hamfundishi amwombaye. Ingekuwa adabu gani hiyo? Na wewe umesoma. Nikasema labda chokaa imepitwa na wakati."

Nimewahi kufanya mitihani migumu, lakini sijawahi kujiona mjinga kama dakika ile. Mkono ule mzuri niliousifu nyuma ya ghala, nilidhani nimeufundisha mimi. Alikuwa akishika mwiko kabla mamangu hajazaliwa. Akanyamaza kwa adabu, nami nikazungumza kwa shahada, na baina yetu tukauangusha ukuta wa babake wiki saba kabla ya mwanawe kuja.

Tuliuanza upya, safari hii mimi ndiye mwanafunzi. Tulibandua simiti yote iliyobaki kwa patasi, polepole. Chokaa ya mfuko tuliiloweka kwenye mapipa mawili, maji juu yake kidole kimoja isiguse hewa. Mchanga ulikuwa wa mto. Ule wa ufukweni ni wa karibu lakini una chumvi, na chumvi ndiyo adui tuliyekuwa naye tayari. Tulisubiri. Kila siku niliuliza kama iko tayari, na kila siku aliitia kidole akasema bado, mpaka iwe laini kama siagi. Vaeni glavu mkiishika, chokaa inakula ngozi. Yeye alikataa glavu, akapaka mafuta ya nazi, kucha zake zikapasuka vivyo hivyo.

Sikuacha tabia yangu. Nyuma ya nyumba, kwenye kuta za choo cha nje, nilipiga viraka vitatu vya majaribio: chokaa na mchanga vipimo viwili tofauti, na cha tatu chokaa iliyotiwa simiti kidogo. Niliandika tarehe kwa penseli, nikawa nakwenda kila Ijumaa kuvikwaruza kwa msumari.

"Wampima ukuta kama mchumba," aliniambia. "Muulize na babake ni nani."

"Ningemuuliza babake ni nani mara ya kwanza, tusingekuwa hapa."

Akacheka mpaka akashika kiuno.

Ukuta tuliulowesha, tukapiga tabaka nyembamba, tukalipigapiga kwa kibao, tukasubiri siku kadhaa, tukapiga jingine. Baina ya tabaka tulitundika magunia yaliyoloa ili jua la dirishani lisiikaushe chokaa haraka. Mutua alikuja Jumapili baada ya kanisa, akasema amekuja kuona tu, akashika magunia kwa saa tatu. Bi Mwanakombo alimwita "baba" na akamlisha mahamri hadi akasema ukuta una nyuzi baada ya yote.

Feisal alifika mwisho wa Shaabani. Siku ya pili yake nilialikwa chakula cha mchana, na nilikwenda kwa sababu sikutaka Bi Mwanakombo asimame peke yake mbele ya kosa langu. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na ile orodha kwenye simu. Baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka alinawa mikono, akaomba radhi, akaanza.

Mlango wa uani ulifunguka ukafungika. Akabonyeza simu. Dirisha vilevile. Mfereji ulifunguka, ila kwa kuzungushwa upande usio wake. Akauzungusha mara tatu, akatazama mamake.

"Huu mfereji wafungukia kulia."

"Ndio mtindo wa sasa," alisema Bi Mwanakombo.

Akafika ukutani. Aliutazama kwanza, kisha akaanza kuugonga kwa vifundo vya vidole, kutoka pembe ya mlango, hatua kwa hatua, ametega sikio. Sauti ilikuwa nzito, moja. Nilijikuta nimekoma kutafuna. Alipofika chini ya dirisha, sauti ikabadilika. Ilikuwa tupu, kama ya debe. Akagonga tena kuhakikisha. Kila mtu chumbani aliisikia.

"Nani aliyeupiga ukuta huu?" aliuliza.

"Mtu mmoja," alisema mamake.

"Fundi gani?"

"Mtu mmoja wa hapa hapa."

Feisal alinigeukia mimi. "Naambiwa wewe ni injinia. Utadumu huu?"

Nilimwambia ninachokijua, na kilikuwa kidogo. Kwamba plasta ya kwanza ilianguka na kosa lilikuwa langu peke yangu. Kwamba hii ni ya chokaa kama ya babu yake. Kwamba hapo chini ya dirisha haikushika, ukubwa wa kiganja, kwa sababu huenda hatukulowesha vya kutosha. Kwamba viraka vyangu vina wiki sita tu, na wiki sita si ushahidi wa miaka. Nikasema, "Kama utadumu, sijui." Bi Mwanakombo alinitazama kama mtu aliyelipa nauli ya mwingine akaona anashuka njiani.

Feisal alikuwa akitazama mikono ya mamake, zile kucha.

"Huyo mtu mmoja," aliuliza, "ana miaka mingapi?"

Bi Mwanakombo alizikunja kucha ndani ya viganja. "Sitini na sita."

Feisal akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akacheka hadi akavua miwani yake. Lakini alipomaliza kucheka alionyesha kidole chini ya dirisha. "Na hapa, mama? Tulipatana hata kimoja."

Nilidhani yamekwisha. Bi Mwanakombo aliinuka, akaenda jikoni, akarudi akiburuta ndoo ya chokaa iliyolowekwa, mwiko juu yake. Akapiga chini ya dirisha kwa kitako cha mwiko, kile kiraka kitupu kikaanguka. Akamwambia mwanawe, "Lete maji, uloweshe hapo. Si hivyo, wamwagia maua? Lowesha mpaka ukuta ukinai." Feisal, katika shati lake jeupe la safari, akalowesha. Akaambiwa ashike kibao, akashika. Akaambiwa apige taratibu, akapiga. Saa moja baadaye palikuwa pamezibwa, na shati halikuwa la kuitwa jeupe tena.

Aliosha mikono kwenye ule mfereji, akakosea upande, akarekebisha.

"Nyumba ya Kisauni nitaiacha," alisema. "Lakini kila nikija nitagonga. Ukuta wote. Siku nitakayosikia mahali pamoja palia tupu, twaenda."

"Gonga," alisema mamake.

Tangu siku ile nilibadilisha namna ya kuishika kaunta, na mkisahau mengine yote naomba mlishike hili. Mtu akimaliza swali lake, kabla hamjafungua mdomo, mwulizeni: na wewe ungefanyaje? Au kwa adabu zaidi: huyo mtu mmoja, kwao walikuwa wakifanyaje? Atasema hajui. Subirini. Mzungushieni ule mfereji uliokatwa, mzungumzieni joto. Robo ya waliopita kwenye stuli ile walikuwa na jibu, wamelifunga kwa heshima kwa sababu sisi ndio tuliokaa upande wenye feni. Baada ya hapo ndipo muulize kitu kimejengwa kwa vifaa gani. Halafu, ikibaki haja, mjibu.

Feisal amekuja mara nne tangu wakati huo, na mara zote nne amegonga kutoka pembe ya mlango hadi dirishani. Nilikuwapo mara mbili. Kila mara nilikaa na roho mkononi, nikiamini kwamba ukuta unazeeka kama kitu kingine chochote, kwamba kila mwaka unaopita unatusogeza karibu na ile sauti ya debe, na kwamba Bi Mwanakombo anacheza mchezo ambao mwisho wake ni ghorofa ya nne. Yeye alikuwa akimenya vitunguu.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya kustaafu, nilikaa siku nzima kwenye mafunzo ya kutunza nyumba za kale, na mkufunzi akataja jambo kama kitu kinachojulikana na kila mtu. Sikumwamini. Nilikwenda kulisoma mwenyewe katika vitabu vitatu. Chokaa haikauki ikaishia hapo. Inavuta kitu kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, kuanzia juu ikienda ndani, polepole, mwaka baada ya mwaka. Siku Feisal alipougonga ukuta wa mamake kwa mara ya kwanza, ndiyo siku ulipokuwa dhaifu kuliko siku zote atakazougonga.